Sauti ya Mlezi katika Kupima Uamilifu wa Athritisi ya Utotoni: Uchambuzi wa Hojaji za Familia kwa Kuzingatia Mazingira ya Choma, Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora

Ikisiri

Vipimo vinavyotumika duniani kukadiria uamilifu wa athritisi ya utotoni vinategemea kwa kiasi kikubwa maelezo ya mzazi au mlezi. Makala hii inaeleza namna maelezo hayo yanavyoingia katika hesabu ya kipimo, kisha inachambua masharti yanayopaswa kutimizwa ili hesabu hiyo iwe na maana kwa familia inayozungumza Kiswahili katika kata ya Choma na maeneo yanayoizunguka. Hoja kuu ni kwamba kutafsiri maneno ya hojaji hakutoshi. Jina la ugonjwa, majina ya viungo, adabu ya kujuliana hali, namna ya kuhesabu muda na kazi za kila siku za mtoto huathiri alama anayoitoa mlezi, na kwa njia hiyo huathiri uamuzi wa tiba.

1.0 Utangulizi

Athritisi ya utotoni isiyojulikana chanzo ni jina la jumla la magonjwa ya uvimbe wa viungo yanayoanza kabla ya mtoto kutimiza miaka 16 na kudumu kwa wiki sita au zaidi, baada ya visababishi vingine kuondolewa. Uainishaji unaotumika zaidi ulikubaliwa Durban mwaka 1997 na kurekebishwa Edmonton mwaka 2001. Uainishaji huo una makundi saba, kuanzia athritisi ya viungo vichache, ambayo katika miezi sita ya mwanzo hugusa viungo visivyozidi vinne, hadi ile ya mfumo mzima wa mwili inayoambatana na homa na vipele.

Katika Afrika Mashariki, maandishi kuhusu ugonjwa huu ni machache lakini yanaongezeka. Francis Furia na wenzake walichapisha mwaka 2020 maelezo ya watoto wenye magonjwa ya jamii hii waliohudumiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Nchini Kenya, Angela Migowa wa Chuo Kikuu cha Aga Khan ameandika kuhusu huduma ya watoto hao na ujuzi wa wahudumu wanaowapokea. Maandishi haya yanaelekeza macho kwenye utambuzi wa ugonjwa, jambo ambalo ni la lazima. Hata hivyo, mtoto akishatambuliwa, swali linalofuata hurudi kila anapohudhuria kliniki kwa miaka mingi: je, ugonjwa umetulia au bado unaendelea? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama dawa iongezwe, ipunguzwe au iachwe ilivyo, na sehemu ya jibu hilo imo kinywani mwa mlezi.

2.0 Uamilifu wa Ugonjwa na Madhara ya Kudumu

Dhana ya uamilifu inahitaji kubainishwa kwanza, kwa kuwa huchanganywa kwa urahisi na dhana ya ulemavu. Uamilifu ni kiwango cha uvimbe unaoendelea katika mwili kwa wakati husika. Utando wa ndani ya kiungo huvimba, maji hujaa, kiungo hupata joto, huuma kinapokunjwa na hukakamaa hasa asubuhi. Hali hiyo inaweza kurudi nyuma kwa tiba. Madhara ya kudumu ni mabaki ya uvimbe wa zamani: goti lisilonyooka kabisa, mguu mmoja uliorefuka kuliko mwingine, taya lililodumaa, au jicho lililopoteza uwezo wa kuona kutokana na uvimbe wa ndani ya jicho.

Tofauti hii ina uzito wa tiba. Mtoto mwenye uvimbe unaoendelea anaweza kuhitaji methotreksati, ambayo hutolewa mara moja kwa wiki, au sindano ya dawa ya jamii ya steroidi ndani ya kiungo. Mtoto ambaye uvimbe umekwisha lakini goti limebaki limekunjamana anahitaji mazoezi ya tibamaungo, na kumwongezea dawa ya kutuliza kinga ya mwili ni kumpa mzigo usio na faida. Watoto wote wawili huchechemea. Mlezi akiulizwa kwa maneno ya jumla, atatoa jibu moja kwa hali zote mbili.

Uvimbe wa jicho una tahadhari yake. Kwa kawaida katika ugonjwa huu hauleti wekundu wala maumivu, hivyo mlezi hawezi kuuona wala mtoto hawezi kuulalamikia. Hakuna hojaji ya familia inayoweza kuchukua nafasi ya uchunguzi wa jicho kwa kifaa cha kukuza chenye taa maalumu. Huu ni mpaka wa wazi wa maelezo ya familia.

3.0 Namna Maelezo ya Familia Yanavyoingia katika Hesabu

Kipimo kinachotumika zaidi ni kile kinachofahamika kwa kifupi kama JADAS, kilichochapishwa na Alessandro Consolaro na wenzake mwaka 2009. Kina vijenzi vinne: makadirio ya jumla ya daktari kuhusu uamilifu, kuanzia 0 hadi 10, makadirio ya jumla ya mzazi au mtoto kuhusu hali ya mtoto, kuanzia 0 hadi 10, idadi ya viungo vyenye uvimbe unaoendelea, na kasi ya kuzama kwa chembe nyekundu za damu, inayobadilishwa kuwa alama za 0 hadi 10. Vijenzi hivi hujumlishwa tu. Katika toleo linalohesabu viungo visivyozidi kumi, alama ya juu kabisa ni 40. Baadaye lilitolewa toleo la kliniki lisilo na kipimo cha damu, ambalo alama yake ya juu ni 30.

Toleo la kliniki lina mvuto wa pekee kwa vituo visivyo na maabara kamili, kwa kuwa linaweza kukokotolewa papo hapo chumbani mwa daktari. Lakini urahisi huo una gharama. Kijenzi cha maabara kinapoondolewa, uzito wa kauli ya mlezi hupanda kutoka robo ya alama zote hadi theluthi moja. Kadiri kituo kinavyokuwa na vifaa vichache, ndivyo neno la mama, baba au bibi linavyobeba uzito zaidi.

Sambamba na JADAS kuna hojaji za utendaji. Iliyo maarufu zaidi ni CHAQ, iliyochapishwa mwaka 1994 na Gurkirpal Singh na wenzake. Ina maswali 30 katika nyanja nane: kuvaa, kuinuka, kula, kutembea, usafi wa mwili, kufikia vitu, kushika, na shughuli za kawaida. Kila tendo hupewa alama kuanzia 0, likifanyika bila shida, hadi 3, lisipowezekana. Mwaka 2011 ilichapishwa hojaji pana zaidi, JAMAR, inayokusanya pamoja utendaji, maumivu, ukakamavu wa asubuhi, viungo vinavyouma, dawa, madhara ya dawa na maendeleo ya shule. Mwaka 2018 ilitolewa taarifa ya kuhawilishwa kwake katika lugha 54 na nchi 52. Utafiti mkubwa uliotumia hojaji hiyo, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusisha watoto 9,081 katika nchi 49, na ulionesha kwamba watoto wa nchi zenye kipato kidogo huwa na ugonjwa mkali zaidi na madhara zaidi kuliko wa nchi tajiri. Ulinganisho kama huo una thamani iwapo tu alama ya mlezi wa nchi moja inapima kitu kilekile kinachopimwa na alama ya mlezi wa nchi nyingine.

4.0 Choma kama Mahali pa Kipimo

Choma ni kata ya wilaya ya Igunga, kaskazini-mashariki mwa mkoa wa Tabora. Wakazi wa wilaya hiyo wengi ni Wanyamwezi na Wasukuma, pamoja na Wanyiramba na Wataturu, na maisha yao hutegemea ufugaji wa ng'ombe na kilimo cha pamba, mpunga na mahindi. Kiswahili kina historia ndefu katika eneo hili. Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa njiapanda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji na Karagwe, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa miongoni mwa waliokisambaza Kiswahili bara. Hata hivyo, katika kaya nyingi za vijijini lugha ya kwanza ya bibi na mjukuu bado ni Kinyamwezi au Kisukuma. Maumivu mara nyingi huelezwa kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha huhamishiwa kwenye Kiswahili mbele ya mhudumu.

Njia ya mgonjwa huanzia zahanati, hupitia kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na huweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Nkinga iliyo katika wilaya hiyohiyo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora, au Bugando, Mwanza. Katika safari hiyo, uvimbe wa kiungo cha mtoto hukutana na maelezo mengine yenye uzito wa haki: selimundu, ambayo ni ya kawaida katika ukanda huu na huweza kuvimbisha vidole vya mtoto mchanga, usaha ndani ya kiungo, kifua kikuu cha mifupa, na homa ya baridi yabisi inayofuata maambukizi ya koo na kutishia moyo. Kwa sababu hiyo hojaji za familia zinazojadiliwa hapa hazifai kutambulisha ugonjwa. Ni zana za kufuatilia mtoto ambaye ugonjwa wake umeshathibitishwa. Kwa uchunguzi wa awali kuna njia fupi ya kukagua mwendo, mikono, miguu na uti wa mgongo, ijulikanayo kama pGALS, iliyotungwa Uingereza na kujaribiwa pia kwa watoto wa Malawi.

5.0 Vikwazo vya Lugha

*5.1 Jina la ugonjwa*

Neno la Kiswahili lililozoeleka ni baridi yabisi, au yabisi baridi. Jina hili lina nadharia ndani yake: linataja baridi na ukavu, na katika matumizi ya kawaida huhusishwa na wazee. Mlezi anayelisikia ana sababu ya kutazamia ugonjwa uzidi wakati wa baridi na upungue wakati wa joto, na ana sababu ya kushangaa kwamba mtoto wa miaka minne anaweza kuwa nao. Aidha, neno hilohilo limo katika homa ya baridi yabisi, ambao ni ugonjwa tofauti wenye tiba tofauti. Hojaji inayouliza kuhusu "baridi yabisi" bila kufafanua inaweza kupata jibu kuhusu hali ya hewa, kuhusu moyo, au kuhusu babu wa mtoto. Ni salama zaidi kuuliza kuhusu "uvimbe wa viungo alionao mtoto huyu".

*5.2 Majina ya viungo*

Neno kiungo lenyewe hubeba maana ya sehemu yoyote ya mwili, mbali na maana ya maungio ya mifupa. Mguu ni wayo na ni paja. Mkono ni kiganja na ni bega hadi kidole. Mama anayesema "mguu unamuuma" amesema kweli, lakini hajasema kama ni nyonga, goti au kifundo. Neno kiwiko hutumiwa na wengine kwa kiungo cha katikati ya mkono na wengine kwa kile kilicho karibu na kiganja. Pale hojaji inapomtaka mlezi ataje viungo vinavyouma, utata huu huweza kuongeza au kupunguza idadi. Suluhisho ni mchoro wa mwili, au kumwomba mlezi aguse mahali hapo kwenye mwili wa mtoto, kisha mhudumu aandike jina la kitaalamu. Kidole cha mlezi hakina lahaja.

*5.3 Adabu ya kujuliana hali*

Swali la makadirio ya jumla humtaka mlezi afikirie namna ugonjwa unavyoathiri maisha ya mtoto, kisha aoneshe hali yake kwa sasa. Likitafsiriwa kuwa "Mtoto anaendeleaje?" linageuka salamu, na salamu ya Kiswahili ina jibu lake. Mlezi atasema "hajambo" au "anaendelea vizuri, tunashukuru", kwa kuwa si adabu kumwaga shida kabla ya kuulizwa mara ya pili. Taarifa halisi huja baadaye, ikiwa imefichwa katika maneno kama "hajambo kidogo" au "afadhali kidogo". Kauli ya kwanza inaweza kumaanisha kwamba mtoto bado ni mgonjwa, ilhali ya pili inaweza kumaanisha kwamba amepata nafuu ndogo tu au kwamba mlezi hataki kumvunja moyo daktari. Mhudumu anayeandika 0 baada ya kusikia "hajambo" ameandika adabu ya mlezi, wala si hali ya mtoto. Kwa hiyo salamu inapaswa kukamilishwa yote kwanza, kisha swali liulizwe kama jambo jipya lenye utangulizi wake.

*5.4 Namba na muda*

Mizani ya 0 hadi 10 huweka ubaya upande wa juu. Mlezi aliyezoea alama za shule, ambako kumi ni sifa, anaweza kuigeuza. Ncha mbili za mizani zinahitaji maneno kamili, kwa mfano "hana shida kabisa" na "ana shida kubwa kuliko zote", na jaribio fupi kwa jambo linalojulikana kabla ya swali lenyewe. Kwa mlezi asiyesoma, kete kumi za bao au punje kumi za mahindi zinazosogezwa upande mmoja zinaweza kutimiza kazi ya mstari uliochorwa, ilimradi njia hiyo ihakikiwe kabla ya kutumika.

Muda nao una utata. "Wiki iliyopita" yaweza kuwa siku saba zilizoishia leo, au wiki iliyokwisha Jumapili. Katika eneo lenye siku maalumu ya mnada au gulio, kuuliza "tangu gulio lililopita" kunaweza kuwa na uhakika zaidi. Vivyo hivyo kwa ukakamavu wa asubuhi. Vigezo vya utulivu wa ugonjwa vilivyochapishwa mwaka 2011 vinataka usizidi dakika 15. Mlezi asiyetazama saa anaweza kueleza kwa matendo: je, mtoto hukunjuka kabla ya kumaliza kunawa uso, au hadi uji uive, au hadi wenzake wameshakwenda shule?

6.0 Matendo Yanayoulizwa na Matendo Yanayotendwa

CHAQ huuliza kama mtoto anaweza kufungua kasha jipya la nafaka, kuoga katika beseni kubwa la kulala, kufungua mlango wa gari na kuendesha baiskeli. Hojaji huruhusu mlezi kusema kwamba swali halihusiki. Maswali ya namna hiyo yakiwa mengi, nyanja nzima hubaki na swali moja au mawili, na mtoto mwenye vidole vilivyovimba huonekana hana shida ya kushika kwa sababu tu nyumbani hakuna gari.

Matendo mbadala yanapaswa kuchaguliwa kwa kigezo cha kiungo kinachotumika, pamoja na kufanana kwa nje. Kumega tonge la ugali na kulifinyanga hudai vidole na kifundo cha mkono. Kukamua nguo, kufunga kamba ya ndama na kuchuma pamba hudai nguvu ya kushika. Kujitwisha ndoo ya maji hudai bega, kiwiko na shingo. Kuchuchumaa katika choo cha shimo hudai nyonga, magoti na vifundo vya miguu kukunjika karibu hadi mwisho, kuliko kuketi kwenye choo cha kiti. Kwa hiyo swali lililotafsiriwa kuwa "kwenda chooni" ni gumu zaidi Choma kuliko mahali lilipotungwa, na alama zake hazilingani moja kwa moja.

Tendo moja linastahili kutajwa peke yake. Katika jamii za Kisukuma na Kinyamwezi, mtoto wa kike hupiga magoti anapomwamkia mkubwa. Msichana mwenye goti lililovimba huacha kupiga magoti, au hupiga kwa upande mmoja, na mara nyingi huonekana amekosa adabu kabla ya kuonekana mgonjwa. Ni tendo linalorudiwa kila siku, linaonekana na kila mtu, na kupungua kwake hukumbukwa na familia. Lina sifa zote za swali zuri la hojaji, na halimo katika hojaji yoyote iliyotajwa hapo juu. Udhaifu wake ni kwamba halihusu wavulana kwa namna ileile. Kwao kwenda machungani na kurudi kunaweza kuwa kigezo mbadala.

Majira pia yahesabiwe. Wakati wa palizi na mavuno, mlezi huona upungufu wa mtoto kwa ukali zaidi kwa sababu mikono yote inahitajika. Alama inaweza kupanda bila uvimbe kupanda.

7.0 Nani Anajibu?

Hojaji husema "mzazi". Katika kaya nyingi mtoto anaweza kuamshwa na bibi, kupelekwa shule na dada na kuletwa kliniki na baba au mjomba mwenye nauli. Anayefika kliniki si lazima awe ndiye aliyemwona mtoto akikakamaa alfajiri. Alama ya bibi katika hudhurio la kwanza na ya mjomba katika la pili hazioneshi mabadiliko ya ugonjwa, bali mabadiliko ya msemaji. Fomu inapaswa kuandika uhusiano wa anayejibu na kama alilala nyumba moja na mtoto katika siku saba zilizopita. Mtoto mwenyewe aulizwe mara anapoweza kujieleza, kwa mfano kwa picha za nyuso zinazoonesha viwango vya maumivu, kwa kuwa mtoto anayeambiwa kwamba anadeka hujifunza kunyamaza.

8.0 Mfano wa Hesabu

Mifano ifuatayo ni ya kubuni na inalenga kuonesha ukubwa wa athari. Vizingiti vya toleo la kliniki vilivyochapishwa mwaka 2014 kwa athritisi ya viungo vichache vinahesabu alama isiyozidi 1 kuwa ugonjwa uliotulia, 1.1 hadi 1.5 kuwa uamilifu mdogo, zaidi ya hapo hadi 4 kuwa wa kati, na zaidi ya 4 kuwa mkubwa. Vizingiti hivyo vilipitiwa upya mwaka 2021, lakini kanuni ya kujumlisha haikubadilika.

Mtoto wa kwanza ana kiungo kimoja chenye uvimbe na daktari amempa 2. Mlezi anasema "hajambo", mhudumu anaandika 0, na jumla ni 3: uamilifu wa kati. Swali likiulizwa upya baada ya salamu, mlezi anaonesha 4. Jumla ni 7: uamilifu mkubwa. Mtoto wa pili hana kiungo chenye uvimbe na daktari amempa 0, lakini goti lake limebaki limekunjamana na hawezi kuchuchumaa. Mlezi anatoa 4, na jumla ni 4: uamilifu wa kati, ingawa uvimbe haupo. Wa kwanza anakosa tiba anayoihitaji. Wa pili yumo hatarini kupewa asiyoihitaji. Katika hali zote mbili hesabu ni sahihi, na mlezi hakusema uongo.

Mfano wa pili hauonyeshi kwamba mlezi apuuzwe. Tafiti nyingi zimeonesha kwamba makadirio ya mzazi na ya daktari hutofautiana, na kwamba mzazi huongozwa zaidi na maumivu na utendaji, ilhali daktari huongozwa na uvimbe anaougusa. Tofauti hiyo ni taarifa. Ikizidi alama chache, inapaswa kufungua mazungumzo ya kutafuta sababu yake kabla ya dawa kubadilishwa.

9.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala imeonesha kwamba katika mazingira yenye vifaa vichache maelezo ya familia hupata uzito mkubwa zaidi katika kupima uamilifu wa athritisi ya utotoni, na kwamba uzito huo hauwezi kubebwa na tafsiri ya neno kwa neno. Yanapendekezwa mambo manne. Kwanza, uhawilishaji wa hojaji ufanywe kwa tafsiri, tafsiri rejeshi na mahojiano na walezi wa vijijini kuhusu namna wanavyolielewa kila swali, wakiwamo wasiosoma na wanaozungumza Kinyamwezi na Kisukuma. Pili, matendo yasiyohusika yabadilishwe kwa matendo yanayodai kiungo kilekile, kisha utegemevu wake upimwe. Tatu, mchoro wa mwili na maelezo ya anayejibu yawe sehemu ya fomu. Nne, alama ya mlezi iandikwe peke yake kando ya jumla, ili tofauti yake na ya daktari isimezwe na kujumlisha.

Mtoto wa Choma anayefuatiliwa kwa ugonjwa huu huonana na mtaalamu kwa dakika chache katika miezi kadhaa, na huishi na mlezi siku zote zilizobaki. Kipimo kinachompa mlezi nafasi ya kusema kimechagua shahidi sahihi. Kazi iliyobaki kwa watafiti ni kumuuliza shahidi huyo kwa maneno anayoyaelewa.